Sauti Zilizopita Likombe

Tulimzika Mwalimu Kasiani Nandonde katikati ya msimu wa mvua, na mvua ilitustahi, haikunyesha mpaka tulipomaliza kufukia. Rukia alikuja kutoka Masasi na mkongojo wake. Alinitazama kutoka mlangoni, akasema, "Salima, umezeeka vibaya," nami nikamjibu kwamba yeye ndiye haoni vizuri. Tukakaa uani pamoja na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa matanga. Juu ya paa la nyumba ya jirani kijana mmoja alikuwa akifunga dishi la televisheni, na mwenzake yuko ndani anampigia kelele: "Sogeza! Hapo hapo! Ah, imepotea, rudisha kidogo!" Rukia aliniinamia sikioni. "Anahangaika na mwinuko kabla hajapata mwelekeo," akasema. "Mwalimu angemshusha kutoka juu ya paa kwa sikio." Tukacheka, vikongwe wawili, msibani, mpaka mama mmoja mwenye ungo akatukata jicho. Niliomba radhi, na nilikuwa na haya kweli. Lakini siku zote za matanga zile, kila nilipofumba macho, sikumwona Mwalimu wa kitandani, aliyekonda na kusahau majina yetu. Nilimwona yule wa mwaka wetu wa Likombe, na shati lake jeupe lililokunjwa mikono, anazunguka darasani kama mtu aliyepoteza kitu na ana hakika kitapatikana.

Habari za nilikozaliwa na nani alinilea nimeshazisema mahali pengine, na hapa hazina kazi. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimemaliza shule, na kwamba ulikuwa mwaka wa mwisho wa vita ng'ambo ya Ruvuma, ingawa sisi hatukujua kuwa ni wa mwisho. Mimi, Rukia na vijana wachache wa kiume tulichukuliwa kujifunza kazi ya simu za redio. Kituo chenyewe kilikuwa nje ya mji wa Mtwara, Likombe, katikati ya mikorosho: nyumba ndefu ya bati, na nyuma yake uwanja wa nguzo zilizovutiwa nyaya kutoka moja hadi nyingine. Nyaya hizo ndizo zilizokuwa antena zetu. Majirani walianika nguo zao mbali nazo, kwa heshima, kwani walisikia kwamba humo ndimo mlimopita maneno ya watu, na hakuna aliyetaka maneno ya mwenzake yamwingie katika shuka. Ndani kulikuwa na joto lisiloondoka. Mitambo ya siku zile ilikuwa na balbu tumboni mwake, na balbu zile zikiwaka zilinukisha chumba kizima vumbi linaloungua polepole. Hadi leo nikisikia harufu ya taa ya zamani iliyoachwa ikiwaka, mgongo wangu unanyooka wenyewe, kama nimeketi kwenye kiti kile cha mbao na hedifoni masikioni.

Kazi ilikuwa hii. Mtu wa Mtwara akitaka kuzungumza na mtu wa Dar es Salaam, mara nyingi sauti yake ililetwa kwetu kwa waya kutoka mjini, sisi tukairusha hewani, na wenzetu wa Dar wakaipokea. Sauti ya kule ikaja kwetu vivyo hivyo. Kupokea ndiko kulikokuwa kugumu. Hewani kumejaa kila kitu: radi za mbali, redio za mataifa, milio ambayo mpaka leo sijui ni ya nini. Ulizungusha kifundo kutafuta masafa, yaani ile njia ambayo sauti yako imepewa ipite, na ukiipata hukupata sauti ya mtu bali kitu kama bata anayelalamika. Hapo ulishika kifundo kingine, kidogo, ukakisogeza kwa ncha za vidole, bata akawa mbuzi, mbuzi akawa mtoto, na mtoto akawa mtu mzima anayeuliza kama mzigo wake umefika. Rukia alikuwa hodari kuliko sisi sote kwa kulitafuta jambo katikati ya makelele. Mimi nilijaliwa kile kifundo kidogo.

Mwalimu Nandonde alikuwa mtu mfupi, Mmakonde wa upande wa mto, mwenye chale usoni ambazo wenzake wa Ulaya, alituambia, walizitazama mwezi mzima kabla ya mmoja kupata ujasiri wa kuuliza. Alikuwa amerudi tu kutoka masomoni huko, alikokwenda kusomea satelaiti. Aliporudi nyumbani, mama yake alimuuliza kitu alichojifunza, na Mwalimu alifungua kinywa akakuta hana maneno. "Nilikuwa na maneno ya Kizungu gunia zima," alituambia, "na mama yangu amekaa mbele yangu anangoja. Nikamwambia, mama, ni mambo ya simu tu. Akasema, ahaa, akaenda kukoka moto. Sijawahi kuona haya vile." Kuanzia siku ile aliapa kwamba darasa lake litayasema mambo yote kwa Kiswahili, hata yale ambayo Kiswahili kilikuwa hakijayasikia.

Kituo chetu hakikuwa na dishi, wala hatukutegemea kuliona. Kituo cha ardhini, cha kupokea kutoka satelaiti, kilikuwa kimoja tu karibu nasi, kule katika nchi jirani, na sahani kubwa kama uwanja wa ngoma inayotazama juu. Kijana mmoja aliwahi kuuliza kwa nini tujisumbue na mambo yasiyotuhusu. Mwalimu hakukasirika. "Mtu akipiga simu kutoka Ulaya," alisema, "sauti inapanda kwenye satelaiti, inashuka kwenye sahani ile, inakwenda Dar kwa njia ya kawaida, halafu inakuja kwako. Wewe ndiye mlango wa mwisho. Utafunguaje mlango kama hujui mgeni katoka wapi?" Basi tukajifunza njia ya kupanda na njia ya kushuka. Tukajifunza kwamba ishara ikifika chini imechoka mno, ni dhaifu kuliko mnong'ono, ndiyo maana sahani lazima iwe kubwa, iikusanye kama kapu. Kuna neno moja lilitushinda mwaka mzima: lile eneo la nchi ambalo satelaiti inalifikia kwa mionzi yake. Rukia alisema liitwe kivuli. Mwalimu akakataa, kivuli ni mahali mwanga usipofika. Mwingine akasema mwavuli. Mwalimu aliondoka na neno hilo nyumbani, akarudi asubuhi akasema hapana, mwavuli unakinga, huu unanyeshea. Mpaka anaugua, nadhani alikuwa bado analitafuta.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni siku aliyotutoa nje kutueleza satelaiti inasimamaje angani pasipo nguzo. Tulikuwa tumegoma kuelewa. Tulijua kwamba inakwenda kasi ya ajabu, na tulijua kwamba sahani haihangaiki kuifuata, na mambo mawili hayo hayakukaa pamoja kichwani. Alinisimamisha katikati ya uwanja, kwenye mchanga, akamweka Rukia mbali nami. "Salima, wewe ni dunia. Geuka polepole. Rukia, mzunguke, lakini muda wote muwe mnatazamana usoni, kama kwenye ngoma ya sindimba." Mmoja wa vijana alianza kupiga mdundo kwenye debe la maji. Nikageuka, Rukia akazunguka anatimua vumbi, jasho linamtoka, huku macho yetu hayaachani. "Dunia!" akaita Mwalimu. "Mwenzako amehama?" Nikasema, "Hajahama, yuko mbele yangu." "Satelaiti! Umesimama?" Rukia, hoi, akajibu, "Nimesimama wapi, Mwalimu, nakufa huku!" Sote tukaanguka kwa kicheko, na Mwalimu alicheka mpaka akashika nguzo. Nimekutana na wahandisi wengi maishani mwangu. Hakuna aliyenieleza jambo lile vizuri kuliko Rukia aliyekuwa akitweta.

Tulipanga chumba kimoja, mimi na Rukia, kwa Bi Awetu, mjane aliyelima mikorosho na mihogo nyuma ya kituo. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na dirisha lililotazama jiko la uani, kwa hiyo tuliamshwa na moshi kabla ya jua. Bi Awetu alitulisha kama watu wanaokwenda kulima: ugali wa muhogo mweupe, kisamvu cha nazi, ngisi waliokaangwa, na msimu ukifika, ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, tuliyoimenya kwa meno tukipiga soga. Hakuamini hata neno moja kuhusu satelaiti, ila alipenda kulisikia. "Nisimulieni tena lile linalozunguka," angesema, akigeuza ugali, na tukisha kusimulia angesema, "Mungu mkubwa. Na uongo pia ni mkubwa." Lakini mgeni akija alimwambia kwa fahari kwamba hawa wasichana wangu wanaongea na mbinguni, na akatuangalia tumsaidie kwa maelezo zaidi.

Si kila mtu alitufurahia. Mwezi mmoja alikuja mkubwa kutoka makao makuu kukagua, mtu mwenye tai na mkoba, nasi tulikuwa chumba cha pili tukifuta vumbi, na ukuta wa pale ulikuwa wa mbao. Tulimsikia akisema kwamba wasichana ni wa kukaa kwenye ubao wa simu na kuunganisha watu, si wa kupewa mitambo, kwamba wataolewa, kwamba fedha ya mafunzo itapotea. Rukia alinishika mkono. Sauti ya Mwalimu ilikuja ikiwa tulivu kabisa. "Bwana mkubwa, hata mimi nimeoa, na mafunzo yangu hayakupotea. Hawa watafanya kazi yoyote utakayonipa kwa ajili yao. Kama hawawezi, nitakuambia mimi mwenyewe kwa kinywa changu." Kisha yule mkubwa akasema, "Tutaona." Hilo "tutaona" lilikaa nasi chumbani kwa Bi Awetu wiki nyingi, likilala katikati ya vitanda vyetu. Mwalimu hakutueleza kwamba aliyasema yale, nasi hatukumwambia kwamba tuliyasikia. Alituzidishia kazi tu.

Mvua zilipokuwa zimekolea ndipo alipokuja Mama Joana. Alikuwa mwanamke wa Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma, mtu aliyevuka mto miaka ya mwanzo ya vita akiwa na watoto mgongoni na mkononi, akalima mpunga upande wetu. Binti yake mkubwa, Joana, alikuwa amepelekwa nchi ya baridi huko Ulaya kusomea uuguzi, miaka mingi imepita bila kuonana. Sasa mabomu yaliyotoka ng'ambo yalikuwa yameangukia mashamba ya kando ya mto, yakaua, na mtu fulani alimfikishia Joana habari kwamba aliyekufa ni mama yake. Waliomsomesha walimletea telegramu kwamba mama yu hai. Hakuiamini. Alisema kila mtu anaweza kuandika telegramu, na watu wema ndio wanaodanganya zaidi. Alikuwa ameacha darasa, haendi wodini, anakula kwa kulazimishwa. Alichotaka ni kimoja, amsikie. Wale wenyeji wake wakaomba simu ipitishwe kwa satelaiti, na wakaambiwa siku na saa, alasiri moja tu. Habari hizo zilimfikia Mwalimu Nandonde kwa sababu ndugu zake wa upande wa mto wanajuana na watu wa Kitaya, naye akaamua kwamba mama aketi kituoni kwetu, si mjini. "Tumpunguzie kona," alisema. "Waya wa kutoka mjini nao una makelele yake."

Alifika juu ya lori la magunia, amefunga kanga mbili na kubeba samaki wa mto waliokaushwa kwa ajili ya watu asiowajua. Bi Awetu alimpokea kama dada. Tulipomwamkia aliitikia "marahaba" bila kutabasamu, akatazama mikono yetu kuona kama ni ya kazi. Wakati wa kula, Rukia alianza kumfundisha. Alimweleza kwamba sauti itakwenda juu sana na kushuka, kwa hiyo akisema neno, binti hatalisikia papo hapo, na jibu nalo litachelewa njiani. "Useme, mama, halafu unyamaze. Usiongeze neno. Ukiongeza, mtagongana." Mama Joana akatafuna taratibu. "Mie nikisema na mwanangu sinyamazi," alijibu. "Yeye ndiye ananyamaza." Bi Awetu alicheka mpaka akapaliwa. Wakafanya mazoezi, Rukia akiwa Joana, amekaa nyuma ya mlango, anachelewesha kila jibu, na Mama Joana kila mara akakosa subira na kuita, "Umelala?" Lakini baadaye, tulipokuwa tukikosha vyombo, nilimsikia akimuuliza Bi Awetu kwa sauti nyingine kabisa, "Dada, na kama asiponijua?" Bi Awetu akamwambia, "Mtoto hamsahau mamake." Mama Joana akasema, "Miaka hii imenipitia mie, si yeye peke yake."

Siku ya simu, mchana, ngurumo zilianza upande wa mto, na umeme ukakatika. Tuliwasha jenereta, lakini mitambo ilikuwa imeshapoa, na mitambo ya namna ile ikiamshwa ghafla haitulii, masafa yake yanahama kidogo kidogo kama mtu anayeelekea kusinzia. Mwalimu alinipa kiti cha mtambo. Rukia akakaa na Mama Joana kando ya meza, na mkono wa simu. Upande wa Dar alikuwepo Bwana Hemedi, ambaye tulizungumza naye kila siku ya kazi na hatukuwahi kumwona. "Mtwara, Mtwara," akasema, "nawasikia kama bata bwawani. Lakini mgeni wetu wa mbali keshafika, siwezi kumweka." Kisha bila onyo zaidi, kutoka Ulaya, kupitia mbinguni, ikaja sauti ya msichana, safi kabisa, kana kwamba yuko kwenye uzio wa mikorosho: "Halo? Halo?"

Walizungumza Kimakonde, nami naandika Kiswahili. Mama Joana alisahau mafunzo yote. "Joana! Ni mimi, mama yako, niko hapa, unanisikia, mbona hujibu?" Na wakati anasema hivyo sauti ya Joana nayo ikaja, wakagongana, wakanyamaza wote, wakaanza tena wote. Rukia aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Kimya kikapita. Kisha Joana akauliza, "Wewe ni nani?" "Mama yako." Kimya tena, kile kimya kirefu cha kupanda na kushuka. "Huyu siye," akasema Joana, na tulimsikia akiwageukia watu aliokuwa nao. "Mmemtafuta mtu. Mama hana sauti hii. Mama amekufa, na ninyi mnaniletea mtu." Akaanza kulia. Mama Joana akaushusha mkono wa simu mapajani. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na vyuma mbele yangu, akasema, "Mwanangu anasema mie nimekufa."

Mwalimu Nandonde alikuwa amesimama ukutani. Angeweza kuniondoa kitini, na wengi wangefanya hivyo, na mimi ningeshukuru. Hakusogea. Aliniuliza, kwa upole, kama tuko darasani na hakuna mtu anayelia, "Salima, kosa liko wapi?" Nikamwambia, "Sisi tunamsikia vizuri, Mwalimu. Yeye ndiye anayesikia bata. Mtambo wetu wa kurushia umehama, na Dar wanampokea pembeni." "Nani wa kumrudisha?" "Bwana Hemedi." "Hemedi anaijua sauti ya mama huyu?" Nikafikiri. "Haijui," nikasema. "Lakini ananijua mimi." Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akaniachia chumba. "Basi sema naye."

Nilimwomba Bwana Hemedi awasihi wale wa mbali wasikate. Nikamwambia, "Nitakuwa nasema tu. Wewe zungusha mpaka niwe Salima." Akasema, "Sema." Na hapo maneno yakanikimbia, kama yalivyomkimbia Mwalimu mbele ya mama yake. Kitu pekee nilichokikuta kinywani ni chakula. "Kisamvu," nikasema, "kinachumwa kichanga, kinatwangwa na chumvi kidogo, kinachemshwa peke yake kwanza..." "Bado bata," akasema Hemedi. "Kikiiva unakuna nazi, unachuja tui la kwanza, unaliweka kando..." "Mbuzi. Endelea." "Unatia tui la pili, na kitunguu, Bi Awetu hatii kitunguu lakini mimi natia..." "Karibu, karibu, usinyamaze." "Halafu tui zito, unakoroga upande mmoja..." "Hapo!" akapiga kelele. "Hapo hapo, Salima! Msiguse kitu! Mpe mama aseme!"

Rukia alimrudishia Mama Joana mkono wa simu. Mama aliushika kwa mikono miwili. Safari hii alimwita binti yake kwa jina la utotoni, ambalo ni lao na sitaliandika, kisha akasema, "Nimepanda lori juu ya magunia, nimelowa, nije hapa niambiwe nimekufa?" Akafumba macho. Midomo yake ilikaza, akangoja. Halafu ule mlio ulikuja, ambao siwezi kuuita kilio wala kicheko, ukajaa masikioni mwangu mpaka mshale wa mtambo ukaruka. "Mama! Mama, ni wewe! Sauti yako haijabadilika hata kidogo, ni ile ile ya siku ile niliyoondoka!"

"Salima," Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini, "sikiliza mawimbi, usisikilize maneno." Nilijitahidi. Nilishika kifundo changu, nikamfuata Joana kila alipotaka kunitoroka na ngurumo, na bado mengine niliyasikia. Nilisikia kwamba aliyeuawa na bomu ni mdogo wake Mama Joana, shambani, na watu walichanganya. Nilisikia Joana akimlilia mama yake mdogo huyo, na mama akimngojea alie mpaka amalize, bila kumkatiza, mwanamke aliyesema jana yake kwamba yeye hanyamazi. Nilisikia akimuuliza kama anakula. Nilisikia akimwambia, "Rudi wodini kesho. Kesho, umenielewa? Wagonjwa hawakumuua mama yako mdogo." Simu ilipokatika, Mama Joana aliomba amshukuru "kijana wa Dar". Nikaita, "Dar, Dar, unasikia?" Hakuna kilichokuja ila mvumo. Nilidhani tumempoteza. Mwalimu aliinama, akachukua sikio moja la hedifoni yangu, akasikiliza. "Yupo," akasema. "Analia. Mwacheni kwanza."

Joana alirudi wodini, akahitimu. Nchi yao ilipopata uhuru alirudi kufanya kazi ya uuguzi nyumbani, na Mama Joana, aliyekuwa ameapa kwamba hatahama tena, alivuka mto pale Kilambo na magunia yake ya mbegu. Mimi na Rukia tulituma salamu tu, hatukuwepo, kwa sababu wakati huo tulikuwa tumeshapelekwa Dar es Salaam, kwenye mitambo, sote wawili. Yule mkubwa mwenye tai hakutwambia neno. Inasemekana Mwalimu alikwenda ofisini kwake akakaa kwenye benchi mpaka jibu lilipotoka. Namjua, naamini.

Siku ya kwanza Dar nilipelekwa chumba cha kupokelea. Mle ndani watu walikuwa na migongo yao mlangoni, kila mmoja na mtambo wake. "Shikamooni," nikasema. Mmoja wao, bila kugeuka, akaitikia, "Marahaba, Salima." Kisha akageuka. Nilikuwa nimemfikiria kijana, sote tulimfikiria hivyo. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kitambaa, na macho ya mtu aliyestahili kustaafu zamani. "Hebu sema tena," akaniambia. "Niseme nini, Mzee Hemedi?" "Chochote. Kisamvu." Nikasema mawili matatu huku nikicheka. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, na uso wake ukabadilika. "Ajabu," akasema. "Sauti yako ni nzito. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nakuweka juu kidogo. Nilikuwa nakufanya mtoto."

Nilitaka kuendelea kucheka, lakini kitu kilinisimamisha. Kama mimi alinipandisha juu, basi aliyepita baada yangu siku ile, mahali pale pale, bila mtu kugusa kitu, naye alipandishwa juu, akapunguziwa miaka. Nikamwambia. Nikamwambia maneno ya Joana, kwamba sauti ya mama yake haijabadilika hata kidogo, ni ile ya siku aliyoondoka. Mzee Hemedi alivua hedifoni shingoni, akaziweka mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Basi," akasema, "tusimwambie."

Na hatukumwambia.